Ngoma Yasafiri, Mpigaji Abaki Nyumbani

Asafiriye kutoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara iliyo kandokando ya Ziwa Tanganyika, kabla hajafika Kabezi, hupita mahali paitwapo Mugere. Hapo limesimama jiwe kubwa lililochorwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, tarehe 25 Novemba 1871. Wasafiri hao, waliokuwa wamekutana Ujiji mapema mwezi ule ule, walikuwa wakielekea kaskazini kwa mtumbwi ili wapate kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Njiani walilala siku mbili mahali hapo, wakiwa wageni wa mtawala wa nchi ile, aliyeitwa Mukamba. Jiwe limehifadhi majina ya wageni. Jina la mwenyeji aliyewakaribisha halimo.

Yamkini mpita njia ataliona jambo hilo kuwa dogo. Wageni hupenda kuandika majina yao, na mwenyeji aliye kwake haoni haja ya kujiandika. Lakini kisa cha namna hiyo hiyo kimelipata jambo jingine la Warundi lililo kubwa kuliko jiwe, nalo ni sauti ya ngoma zao. Sauti hiyo ilisafiri ng'ambo, ikaingia katika santuri za Ufaransa, Marekani na Uingereza, ikawapa utajiri vijana wa bendi za roki, na kwa muda ikabadilisha mwendo wa muziki wa London. Majina ya walioipiga hayakusafiri pamoja nayo.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Kabezi, karibu na mahali wanapoanikia ndagala. Jioni imeingia, wavuvi wanazitayarisha taa zao, na harufu ya mawese yatoka jikoni. Kijana aliyerudi kutoka Bujumbura ameketi barazani kando ya babu yake, naye amemwekea wimbo katika simu.

“Babu, sikiliza muziki huu wa Wafaransa. Ni wa zamani, wa mwaka 1971.”

Mzee anainamisha kichwa. Ngoma zinaanza kunguruma, kisha kinanda chaingia juu yake. Mzee anatabasamu.

“Mjukuu wangu, kinanda ni chao, sikatai. Lakini ngoma hiyo si ya Wafaransa. Hao ni watu wa kwetu. Ni akina nani wanaopiga?”

Kijana anatazama kioo cha simu. Jina lililoandikwa hapo ni Burundi Steiphenson Black.

“Huyo,” anauliza mzee, “ni mtoto wa nani?”

Swali hilo kijana hawezi kulijibu, wala si yeye peke yake asiyeweza. Ili kulielewa vema, yafaa kwanza kuijua ngoma yenyewe, kisha kuifuata hatua kwa hatua katika safari yake.

Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili zisizotengana: ni ngoma, na tena ni utawala. Zamani za wafalme ngoma haikuwa chombo cha kujifurahisha tu. Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ilihusika na umuganuro, yaani sikukuu ya kupanda mtama, ambayo iliwakusanya watu na mfalme wao. Katika milima mbalimbali zilikuwako koo zilizokabidhiwa kazi ya kuzitunza ngoma, kuzichonga na kuzipiga. Mahali panapojulikana zaidi ni Gishora, karibu na Gitega, ambapo Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, aliweka ngoma baada ya kumshinda mtawala mmoja aliyempinga. Ngoma mbili za heshima za Gishora zina majina yao, Ruciteme na Murimirwa. Msomaji na aangalie jambo hili: ngoma zenyewe zilipewa majina, kama watu.

Mti unaochongwa waitwa umuvugangoma, na jina hilo lasema kazi yake: ndio mti unaoifanya ngoma inene. Gogo hutobolewa ndani, mdomo wake ukawambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ikashikwa kwa vigingi vya mti. Sehemu za ngoma zimeitwa kwa majina ya mwili wa mama. Vigingi huitwa amabere, yaani maziwa ya mama anayenyonyesha. Iko inda, yaani tumbo. Uko umukondo, yaani kitovu. Na uko urugori, ambalo ni taji la bua la mtama livaliwalo na mwanamke aliyezaa. Kwa ufupi, ngoma ya Warundi ni mama.

Upigaji wake nao una utaratibu. Wapigaji huingia uwanjani wamezibeba ngoma vichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga kwa nusu duara. Aghalabu idadi ya ngoma haigawanyiki kwa mbili. Katikati huwekwa inkiranya, ngoma iongozayo. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika mwendo mmoja usiobadilika, na zile ziitwazo ibishikizo huifuata inkiranya popote iendapo. Mpigaji mmoja hutoka safuni, akacheza, akaruka juu, akaijia inkiranya na kuipiga kwa zamu yake, kisha humwachia mwenzake. Hakuna aimbaye peke yake mpaka mwisho, wala hakuna ashikaye ngoma ya katikati siku nzima. Kila mmoja ana zamu, na kila mmoja huonekana.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza. Mabadiliko yake yalianzia nyumbani, kabla ya mgeni yeyote kuigusa. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ulifutwa. Ngoma iliyokuwa ya Mwami ikabaki bila Mwami. Vyombo vingi vya kifalme katika Afrika vilimalizikia katika makabati ya makumbusho, lakini ngoma za Burundi hazikunyamaza. Zilihama kutoka uani mwa mfalme zikaenda katika viwanja vya taifa, kuwapokea wageni na kuadhimisha siku kuu. Mavazi ya wapigaji yakawa ya rangi za bendera: nyekundu, nyeupe na kijani. Sauti iliyotumikia kalenda ya mtama ikaanza kutumikia ratiba ya sherehe, na pigo lililoweza kuchukua muda mrefu likafupishwa ili wageni wasichoke. Wazee wa Gishora, na miongoni mwao mzee Antime Baranshakaje aliyewaongoza wapigaji wa hapo kwa miaka mingi, walilazimika kuwa walinzi wa mila na papo hapo kuwa wasanii wa jukwaani.

Jukwaa nalo lilikuwa limeanza kwenda mbali. Mwaka 1964 wapigaji wa Burundi walionekana mjini New York katika maonyesho ya dunia, kwenye banda la Afrika. Lakini hatua iliyogeuza mambo haikutokea New York. Ilitokea kijijini, mwaka 1967, mtaalamu wa Kifaransa Michel Vuylsteke alipofika Burundi na mashine ya kunasia sauti. Alizinasa nyimbo za majumbani, zeze, ala nyingine za nyuzi, na kundi la wapigaji ngoma 25. Mwaka 1968 kampuni ya santuri ya Ocora, iliyokuwa chini ya redio ya Ufaransa, ilitoa santuri yenye sauti hizo. Nia ilikuwa ni kuhifadhi, na hapana budi kusema kweli: kazi ile ilifanywa kwa uangalifu, na bila hiyo masikio mengi yasingalijua kwamba Burundi ipo. Hata hivyo sauti ikishawekwa katika santuri haimwulizi mwenyewe iende wapi.

Haikuchukua miaka mingi. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa, aliyejiita Mike Steiphenson, alizichukua ngoma zile zile kutoka katika santuri ile ile, akazilaza chini, na juu yake akaweka kinanda na magitaa. Santuri hiyo ikaitwa “Burundi Black”. Ikachezwa katika kumbi za dansi za Ulaya, na huko Uingereza ikafika nafasi ya 31 katika orodha ya santuri zinazouzwa sana. Jina la msanii lililopigwa chapa ni lile alilolisoma kijana wa Kabezi. Ndani yake limo jina la nchi na limo jina la mpiga kinanda. Majina ya wapigaji 25 hayamo.

Masikioni mwa Mrundi mabadiliko ya sauti yalikuwa makubwa. Inkiranya ilikuwa kiongozi, ikaaye katikati na kuamuru. Sasa kinanda ndicho kilichoongoza, na ngoma zote, pamoja na inkiranya, zikawa amashakwe, kazi yake kushika mwendo tu. Aliyekuwa mnenaji akawa mwitikiaji.

Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alifanya jambo jingine. Katika albamu yake iitwayo The Hissing of Summer Lawns upo wimbo “The Jungle Line”. Alichukua kipande cha ngoma za santuri ya Ocora, akakirudiarudia tangu mwanzo hata mwisho, akakitia sauti ya kinanda cha umeme na kuimba juu yake. Leo jambo la kukata kipande cha muziki wa mtu na kukizungusha ni kazi ya kila siku ya watengenezaji wa muziki wa vijana. Wakati ule lilikuwa jipya kabisa, na wajuzi wa muziki huutaja wimbo huo miongoni mwa ya kwanza kufanya hivyo. Basi ngoma za Burundi zilikuwamo katika kuzaliwa kwa ufundi ambao sasa umeenea dunia nzima.

Ndipo ikaja London. Miaka ile vijana wa huko walikuwa wameuchoka muziki wa kelele tupu na walikuwa wakitafuta mwendo mpya. Kijana mmoja mwimbaji, Adam Ant, aliyekuwa na bendi iitwayo Adam and the Ants, alimwendea mfanyabiashara wa muziki Malcolm McLaren kuomba ushauri, akamlipa pauni 1,000. McLaren alimpa kanda yenye muziki wa kusikiliza, na ndani yake zilikuwamo ngoma za Burundi. Baada ya muda si mrefu McLaren huyo huyo aliwachukua wanamuziki wa Adam, akaunda nao bendi nyingine, Bow Wow Wow, na mwimbaji wake akawa msichana wa miaka 13, Annabella Lwin.

Adam hakukata tamaa. Alitafuta wenzake wapya, akamweka mpiga gitaa Marco Pirroni, na jambo lisilokuwa la kawaida katika bendi za roki, akaweka wapigaji ngoma wawili badala ya mmoja, ili wapate kuukaribia ule mngurumo wa Burundi. Mwishoni mwa mwaka 1980 walitoa albamu yao, Kings of the Wild Frontier. Ilipanda hadi nafasi ya kwanza, na mwaka 1981 ikawa albamu iliyouzwa zaidi katika Uingereza nzima. Bow Wow Wow nao wakavuma kwa mwendo huo huo. Magazeti ya huko yakaupa mwendo huo jina, yakauita pigo la Burundi. Na santuri ya “Burundi Black”, iliyokuwa na umri wa miaka kumi, ikatengenezwa upya na kurudishwa sokoni mwaka 1981.

Hapa yafaa msomaji apime mambo kwa haki. Adam Ant hakuiba kitu sandukuni. Alisikia, akapenda, akaiga kwa mikono ya wenzake, na kuiga ndiko kunakoufanya muziki uishi. Watu wa pwani ya Tanganyika wanalijua jambo hilo vema, kwa maana magitaa ya Kongo yalivuka ziwa bila pasipoti, na dansi ya Bujumbura na Rumonge ilikua kwa kusikiliza redio za jirani. Asiyetaka kuigwa asiimbe. Lakini ipo tofauti kati ya kuiga na kusahau. Ushauri wa kusikiliza ngoma ulilipiwa pauni 1,000, na aliyelipwa ni mshauri. Mwendo ukapewa jina la nchi nzima kana kwamba nchi ndiyo iliyoshika mirisho, yaani zile fimbo za kupigia. Nchi haina mikono. Wapigaji walikuwa watu 25 wenye migongo, jasho, wake na watoto.

Mwaka 1982 ngoma ilijisemea yenyewe. Mwezi wa Julai, katika uwanja wa Shepton Mallet kusini-magharibi mwa Uingereza, mwimbaji Peter Gabriel na wenzake walifungua tamasha la muziki wa mataifa, WOMAD. Wapigaji kutoka Burundi walikuwako kwa miili yao, si kwa santuri. Bendi ya roki ya Echo and the Bunnymen, kutoka Liverpool, ilipiga pamoja nao jukwaani. Vijana waliolizoea pigo la Burundi kutoka kwa Waingereza waliona kwa mara ya kwanza mahali lilipotoka: watu wakiingia na magogo vichwani, wakiruka, wakipokezana inkiranya. Tamasha hilo liliwatia waandalizi hasara kubwa ya fedha, hata Peter Gabriel akalazimika kurudi jukwaani na bendi yake ya zamani, Genesis, mwezi wa Oktoba mwaka huo ili kulipa madeni. Lakini tamasha halikufa, na ngoma za Burundi zikapata wasikilizaji wa kweli. Mwaka 1987 wapigaji walinaswa tena huko Uingereza katika studio za Peter Gabriel mwenyewe, na santuri ikatoka mwaka 1992. Safari hii hapakuwa na kinanda wala gitaa. Jina la santuri likawa la wapigaji wenyewe, Les Tambourinaires du Burundi.

Kwa hiyo ile sauti ilizunguka dunia na kurudi katika umbo lake. Lakini je, lilikuwa umbo lile lile la Mwami? La. Lilikuwa umbo la jukwaa, lenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, lililofunzwa kumpendeza asiyejua Kirundi. Mila huishi kwa namna hiyo, wala haifai kuwaonea haya walioibadilisha.

Mfano wa Japani wasaidia hapa. Watu wengi huamini kwamba vile vikundi vikubwa vya ngoma za Kijapani, ziitwazo taiko, vimekuwapo tangu enzi na enzi. Ngoma zenyewe ni za kale, na zilipigwa katika mahekalu na sikukuu za vijiji. Lakini kuzipanga ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali zipigwe na kikundi kizima jukwaani kulianzishwa mwaka 1951 na Daihachi Oguchi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga ngoma wa muziki wa jazi. Mwaka 1981, pigo la Burundi likiwa limefikia kilele London, katika kisiwa cha Sado kiliundwa kikundi cha Kodo, ambacho kimezunguka dunia. Wajapani waliifanya ngoma yao kuwa mpya kwa mikono yao wenyewe, wakaweka majina yao juu ya kazi yao. Leo katika nchi hiyo na nje yake wanawake wengi sana hupiga taiko.

Neno hilo la wanawake linaurudisha mjadala Kabezi, tena karibu kabisa na jiko. Kwa maana baraza ile ya mzee ina mtu wa tatu. Ni mjukuu wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, ambaye wakati wimbo ukiendelea amelipindua dumu tupu la maji na kulipiga kwa vijiti viwili. Hakukosea mwendo hata mara moja. Mama yake anamwita kutoka jikoni.

“Mwanangu, acha hilo dumu. Ngoma si ya wasichana.”

“Kwa nini, Mama?”

Mama hana jibu tayari, naye anamtazama mzee.

Mwezi wa Novemba 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ilikuwa heshima kubwa. Heshima ilileta hamu ya kulinda, na mwezi wa Oktoba 2017 ilitoka amri ya Rais Pierre Nkurunziza iliyoweka utaratibu. Vikundi vilitakiwa kujiandikisha katika wizara inayohusika na utamaduni. Ngoma haikuruhusiwa kupigwa nje ya sherehe rasmi bila kibali, na malipo ya faranga 500,000 yaliwekwa. Tena amri ilisema kwamba wanawake wasipige ngoma hiyo, ila wacheze ngoma zao za kike.

Wapo wazee wanaoitetea sehemu hiyo ya mwisho kwa hoja iliyokwisha kuonekana hapo juu. Ngoma ni mama, wanasema. Ina tumbo, kitovu na maziwa. Haifai mwanamke ampige mwanamke mwenzake. Hoja hiyo si ya kuchekwa, kwa maana ina mizizi katika majina yenyewe ya ngoma. Lakini wapo wenye kujibu kwamba kama ngoma ni mama, hakuna amjuaye mama kuliko binti yake. Wanaongeza kwamba Mwami aliondoka mwaka 1966, kwamba ngoma imekwisha kupigwa New York, Shepton Mallet na katika kumbi za dansi, kwamba imewekewa kinanda na watu wasiojua hata jina la inkiranya, na yote hayo haikuyafia. Itakuwaje basi ife kwa mikono ya mtoto wa Kabezi aliyezaliwa ndani ya mlio wake? Katika nchi jirani ya Rwanda, mwaka 2004, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya. Humo waliingia wajane na mayatima wa mauaji ya mwaka 1994 pamoja na wake wa waliofungwa kwa mauaji hayo, wakashika mirisho bega kwa bega. Ngoma haikupasuka. Ilishona.

Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini historia ya ngoma hii yafundisha pia kinyume chake: kinachoipasua si kuvuma, bali ni kukatwa kutoka kwa walioipiga. Ilikatwa mara ya kwanza ilipotiwa katika santuri bila majina. Hukatwa mara ya pili kila mtoto mwenye kipaji anapoambiwa aweke chini vijiti bila kuelezwa sababu. Makosa hayo mawili ni ndugu. La kwanza lilifanywa na wageni, na ni rahisi kulilaumu. La pili hufanyika barazani, na kulilaumu kwahitaji moyo.

Yapo mambo ambayo nyumba yoyote, iwe Kabezi, Rumonge au Buyenzi, yaweza kuyafanya bila kungoja serikali wala shirika. Siku hizi kila arusi ina simu kumi zinazonasa sauti na picha, na mtu yeyote mwenye simu ndiye Vuylsteke wa leo. Basi anayenasa ngoma, au wimbo wa bibi wa kubembeleza mtoto, au nyimbo za wavuvi wanapovuta nyavu, na aulize kwanza ruhusa. Kisha, kabla ya kumpelekea mtu mwingine, na aandike au aseme kwa sauti mwishoni mwa kanda: ni akina nani waliopiga, nani aliyeshika ngoma ya katikati, ni mlima gani, ni tarehe gani. Kazi hiyo ni ya dakika moja, nayo ndiyo iliyokosekana kati ya kijiji na jiji la Paris. Na mzazi atakayeulizwa na binti yake “kwa nini” asimnyamazishe. Amweleze amri ilivyo, amweleze hoja za wazee, amweleze na majibu yake, ampe na majina ya sehemu zote za ngoma. Mtoto anayejua kwamba vigingi ni amabere na taji ni urugori tayari ameshika nusu ya urithi, hata kama mikono yake bado yangoja.

Kule barazani wimbo umekwisha na simu imenyamaza. Ziwani taa za wavuvi zimeanza kuonekana moja moja. Mzee hakumjibu mama mara moja. Amelivuta lile dumu karibu na miguu yake, akaligonga kidogo kwa kidole, akamtazama mjukuu wake.

“Mwaka wa uhuru nilikuwa mdogo kuliko wewe,” anasema. “Baba yangu alinichukua nikaone ngoma. Aliyekuwa katikati, ninamkumbuka jina, na baba yake, na mlima wao. Njoo ukae hapa nikutajie. Wewe, kijana, hiyo simu yako yaweza kuandika?”

“Yaweza, Babu.”

“Basi andika.”

Na mama, jikoni, amepunguza moto ili naye apate kusikia.